Ziro Ambayo Sikuipata

Mwaka wa pili chuo, matokeo ya semista ya kwanza yakatoka usiku, na kila aliyesoma chuo hapa Bongo anaujua usiku huo ulivyo, bando linaelekea kuisha, mfumo umeelemewa, watu wako korido wameinua simu juu kana kwamba matokeo yanashuka kutoka mbinguni. Mi ulinifungukia kama saa saba hivi. Kozi saba, sita ziko freshi, ya saba ni takwimu, na pale kwenye safu ya koswaki pameandikwa 0. Mtihani wa mwisho 38 kwa 60. Jumla 38. Gredi D. Sapu hiyo, yaani kurudia mtihani.

Sasa ile koswaki nilikuwa naijua kama jina langu. Testi mbili na asaimenti moja ya kikundi, karatasi zote ninazo kwenye begi, 29 kwa 40. Jumlisha mwenyewe, 67, kwetu hiyo ni B plasi. Kwa hiyo asubuhi nikadamkia ofisi ya mitihani (chuo sikitaji, na wala hakuna haja) na karatasi zangu mkononi, najua kabisa hii ni ishu ya dakika tano.

Yule baba wa dirishani hakuwa mkorofi, hilo niseme. Aliitikia shikamoo vizuri, akageuza skrini yake na mimi nione, akaweka kidole palepale kwenye ile 0. "Mwanangu, ingekuwa mwalimu hajaleta alama zako hapa pangekuwa wazi. Hapa hapako wazi, pana ziro. Ziro maana yake umeandikiwa."

Nikakosa la kujibu. Na mpaka leo nikikumbuka naona hoja yake ilikuwa nzuri tu, ningekuwa mimi upande ule wa dirisha ningesema hivyohivyo. Alipokosea ni sehemu moja: aliamini mfumo ule unajua kuacha wazi.

Ilichukua wiki tatu, na aliyeligundua tatizo ni Dokta mwenyewe wa somo, maana tulikuwa wengi, kundi zima lenye ziro ileile. Alama alishazijaza kwenye Excel, zipo zote, hajaruka mtu. Ila sisi ambao majina yetu yalikuwa kwenye shiti ya pili namba zetu za usajili zilikopiwa kutoka sijui wapi zikaja na nafasi moja mbele, ile ya kubonyeza spesi, na kwa vile safu yenyewe ilipangwa katikati hata ukodoe macho vipi huioni. Kompyuta inaiona. Kwake yeye namba yenye spesi mbele na namba isiyo na spesi ni watu wawili wasiojuana. Mfumo ukachukua orodha ya wanafunzi, ukaenda kwenye faili la Dokta kumtafutia kila mtu alama zake, ulipofika kwangu haukukuta mtu.

Haukukuta mtu, sio kwamba ulikuta ziro! Kule ndani kwenye databesi mahali pangu palikuwa patupu, vilevile kama yule baba alivyotegemea. Ni ile ripoti ya kuonyesha matokeo, kipande kidogo cha programu ambacho nahisi fundi alikiandika Ijumaa jioni anawahi daladala, ndiyo ilikuwa na maelekezo kwamba ukikuta patupu weka 0. Na sababu yake naielewa kabisa kwa sababu na mi nimeshaandika ujinga kama huo: kwenye SQL, ile lugha ya kuongea na databesi, ukijumlisha 38 na patupu hupati 38, unapata patupu. Utupu unaambukiza. Sasa fundi anaona safu ya jumla ina mashimo mashimo, mkuu wa idara anapiga simu, anatupia ziro, jedwali linapendeza, watu wanakwenda nyumbani.

Basi hicho kitupu ndo kilinipeleka kusoma masters. Watu wakiniuliza nilifanya utafiti wa nini nasema "kuonyesha taarifa na kutunza rekodi za kitaaluma kidijitali", wanatikisa kichwa kwa heshima halafu wanabadilisha mada. Ukweli nilikuwa natafiti ile ziro.

Nilichokikuta ni kwamba tatizo la utupu lina umri mkubwa kuliko mimi. Edgar Codd, Muingereza aliyekuwa kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, Marekani, ndiye aliyechapisha mwaka 1970 ile hoja ya kupanga data kwenye majedwali yanayohusiana, na karibu kila mfumo wa matokeo unaoujua umesimama juu ya hoja hiyo. Miaka ya baadaye ikaingia alama ya patupu, NULL, sisi darasani tulikuwa tunaitamka nali, na ugomvi ukaanza hapo na haujaisha. Mwaka 1975 kamati ya viwango ya Marekani ilikaa ikahesabu maana ambazo utupu kwenye databesi unaweza kuwa nazo ikafika 14. Kumi na nne! Codd mwenyewe kufika 1990 alitaka angalau ziwe mbili, moja ya kitu ambacho kipo ila hatukijui bado, nyingine ya kitu ambacho mhusika hakimhusu kabisa. Hakusikilizwa. SQL tunayotumia leo ina tupu moja tu kwa kila hali.

Sasa chukua rekodi ya mwanafunzi wa kawaida uone huo umaskini. Pale pasipo alama inaweza kuwa mwalimu hajaleta, au mwanafunzi hakutokea, au aliumwa akaruhusiwa kuahirisha, au alama zipo ila zimezuiwa kwa sababu kuna kesi ya kuibia mtihani, au kozi hiyo hasomi kabisa jina lake limeingia kwa bahati mbaya. Mmoja wa hao anadisko, yaani anafukuzwa chuo, mwingine anasubiri tu, mwingine hana tatizo lolote. Na databesi inawaandika wote kwa namna moja, halafu ripoti inawageuza wote ziro.

Cha ajabu watu waliolipatia hili tangu zamani tunao hapahapa. Fungua ukurasa wa matokeo ya Baraza la Mitihani, NECTA, ule ambao kila mwaka unaifanya nchi nzima ikeshe. Kwa sura haupendezi, jedwali kavu, hakuna grafu, hakuna rangi za maana, mwanafunzi wa ubunifu akiuona anaweza kulia. Lakini soma safu ya divisheni. Kuna 0, huyo kafanya mtihani na kafeli. Kuna ABS, huyo hakutokea. Kuna INC, huyo matokeo yake hayajakamilika. Kuna W, huyo yamezuiwa. Hakuna mzazi aliyewahi kuchanganya divisheni ziro na ABS, hata bibi yangu ambaye hajui kusoma Kiingereza alikuwa anajua kwamba mtoto wa jirani "ana abs" maana yake alitoroka mtihani. Chuo kikuu chenye idara nzima ya kompyuta kilishindwa kitu ambacho lile jedwali kavu linakifanya kila Januari.

Mfano ambao profesa mmoja alitupa darasani na haujanitoka ni wa Challenger, chombo cha anga cha Wamarekani kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986 na watu saba ndani. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake walibishana na NASA kwa simu, wasiwasi ukiwa kwamba baridi inaharibu pete za mpira zinazoziba maungio. Wakaangalia safari zilizopita ambazo pete zilipata hitilafu, wakaona nyingine zilikuwa za baridi, nyingine za joto, kwa hiyo ikaonekana kama joto halina uhusiano. Kosa liko kwenye neno "zilipata". Zile safari ambazo hazikuwa na hitilafu yoyote, yaani hitilafu ziro, hawakuziweka mezani. Tume ya uchunguzi ilipozirudisha zote picha ikabadilika palepale: safari nne zilizorushwa kwa nyuzi 63 za Farenhaiti au chini, zote nne zina hitilafu, na zile 20 za nyuzi 66 na kuendelea zenye hitilafu ni tatu tu. Ile baridi ya asubuhi ya Januari ilikuwa mbali kabisa chini ya hizo zote.

Niliposikia hivyo nikajiona mi na ule mkutano ni pande mbili za shilingi moja. Kwangu mtu aligeuza patupu kuwa ziro. Kule ziro halisi ziligeuzwa patupu. Na pande zote mbili hakuna aliyedanganya, kila namba iliyoonyeshwa ilitoka mahali.

Kwenye utafiti wa kuonyesha taarifa hili la mapengo lilikaa muda mrefu kama mtoto wa kambo. Kuna programu moja ilitoka chuo cha Augsburg, Ujerumani, mwaka 1996, inaitwa MANET, na hilo jina ni kifupisho cha Kiingereza kinachosema sasa data zilizokosekana zinatendewa sawa na nyingine, yaani hadi jina ni malalamiko. Kila grafu yake ilikuwa na sehemu ya kuonyesha wangapi hawapo. Wazo zuri sana, halikushika. Excel yako ukiingia kwenye mipangilio ya grafu utakuta imeficha swali hilohilo, seli tupu uziache pengo, uzihesabu ziro, au upitishe mstari juu yake kama hakuna kilichotokea, na nadhani katika watu mia wanaochora grafu za ripoti za serikali hujapata watano wanaojua kama hilo swali lipo.

Ila iliyonikosesha usingizi ni kazi ya Hayeong Song na Danielle Szafir wa Marekani, 2018. Waliwapa watu grafu zenye data pungufu zilizochorwa kwa namna mbalimbali, wakawauliza maswali na wanaziaminije. Grafu ambazo pengo limeachwa wazi, mstari umekatika, watu waliziona data zake hazina ubora. Zile ambazo pengo limezibwa kwa namba ya kukisia na kuwekewa alama waliziona bora zaidi. Kwa hiyo yule fundi wetu wa Ijumaa jioni hakuwa mjinga, alikuwa anajua wateja wake. Binadamu hatupendi shimo, bora uongo uliosawazishwa. Na mwenye mfumo mwaminifu ndo ataonekana mfumo wake mbovu.

Haya, turudi kwangu maana hadithi haikuishia kwenye B plasi. Walivyorekebisha walifanya kitu rahisi, wakafuta 38 wakaandika 67. Hakuna tarehe, hakuna jina la aliyebadilisha, hakuna sababu. Ukifungua leo utaona 67 kana kwamba imekuwepo tangu dunia iumbwe. Mi wakati ule nilishangilia tu, nani anauliza maswali akishapewa B plasi.

Tatizo ni kwamba wiki ileile matokeo yalipotoka nilishaprinti ile karatasi yenye D nikaiambatanisha kwenye maombi ya fildi, yale mafunzo kwa vitendo, ya shirika moja. Na 2017 nikaomba kazi, wapi, kwenye shirika hilohilo. Mnaukumbuka mwaka ule, Aprili ilisomwa mbele ya Rais Magufuli kule Dodoma orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti feki, nchi nzima kila afisa utumishi aligeuka mpelelezi. Dada wa utumishi akatoa faili la zamani akaweka karatasi mbili mezani, mwanafunzi mmoja, kozi moja, semista moja, hapa D kule B plasi. Akaniangalia. Sikuwa na cha kumwonyesha. Chuo nacho hakikuwa na cha kumwonyesha kwa sababu mfumo wake haukumbuki kwamba uliwahi kusema D. Nikaokolewa na barua ya Dokta, ambaye namshukuru Mungu alikuwa hai na hajastaafu.

Dawa ya hili ipo siku nyingi. Mtafiti anaitwa Richard Snodgrass, wa chuo kikuu cha Arizona, ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye databesi zinazojua muda, na wazo lenyewe ni kwamba kila taarifa ina saa mbili. Saa moja ni ya jambo lenyewe, lini lilikuwa kweli. Ya pili ni ya daftari, lini sisi tuliandika. Alama yangu ilikuwa 67 tangu siku ya mtihani, lakini daftari lilisema 38 kwa wiki tatu kisha likasema 67. Ukitunza saa zote mbili hufuti kitu, unaongeza mstari chini, na mtu akija na karatasi ya zamani unauliza databesi "siku ile ulikuwa unaamini nini?" nayo inajibu. Mwaka 2011 hili liliingizwa hadi kwenye kiwango rasmi cha SQL.

Na usidhani ni mambo ya mtu mmoja mwenye bahati mbaya kama mimi. Mdogo wangu alimaliza fomu foo 2012. Februari 2013 matokeo yakatoka, ule msiba wa kitaifa, zaidi ya laki mbili wana divisheni ziro na yeye yumo. Mei serikali ikayafuta matokeo yote ikaagiza yapangwe upya, yalivyorudi ana divisheni foo. Karatasi za majibu ni zilezile, mkono ni uleule. Sasa niambie alifeli au hakufeli? Jibu ni kwamba inategemea unauliza saa ipi, na mfumo wenye saa moja hauwezi kukujibu bila kumfuta mtoto wa Februari, ambaye alikuwepo, mi ndo nililala naye chumba kimoja akilia.

Hapa kuna mdau atasema blokicheni, lile daftari la kidijitali ambalo nakala zake ziko kwa watu wengi na kilichoandikwa hakifutiki. Nimeshaisikia kwenye kila semina, na siyo upuuzi. Chuo cha MIT cha Marekani 2017 walitoa diploma za kidijitali kwa wahitimu 111 ambazo mwajiri anazihakiki mwenyewe bila kupiga simu chuoni, na 2019 W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, walipitisha kiwango cha vyeti vinavyohakikika kwa sahihi ya kompyuta. Kwa vyeti feki hiyo ni dawa kweli, ukibadilisha herufi moja sahihi inakataa. Lakini fikiria ile ziro yangu ingesainiwa siku ile. Ingekuwa ziro iliyothibitishwa, haiguswi, haifutiki, mwajiri wa Kanada anaihakiki kwa sekunde mbili. Sahihi inathibitisha nani kasema, haithibitishi kwamba alijua anachosema.

Kwa hiyo masters yangu nikatengeneza skrini. Nilijivunia ile kazi jamani. Kila aina ya utupu ina rangi yake, kijivu hajaleta, njano ameahirisha, nyekundu imezuiwa, na ukipitisha mausi unaona historia yote ya seli, nani kaandika na lini. Nikaipeleka kwa mama mmoja wa ofisi ya mitihani, amekaa kazi hiyo tangu enzi za mashine ya kuchapa. Akavaa miwani, akaangalia kwa utulivu kabisa, akaniambia, "Nzuri mwanangu. Print."

Nikaprinti. Printa yao ni nyeusi na nyeupe. Akachukua ile karatasi akaenda kwenye mashine akaitoa kopi, akairudia tena kopi ya kopi, maana kwenye kikao cha bodi ya mitihani ndo zinavyofika hivyo, akaniwekea mbele. Kijivu, njano na nyekundu zote zimekuwa uchafu mmoja. Kazi ya miezi mitano hiyo.

Halafu akafungua kabati la chini akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu. Matokeo ya miaka ya tisini, kwa mkono. Alama zimeandikwa kwa wino, na hapa na pale kuna seli ina penseli, kamstari kafupi kalikolala, au herufi ndogo pembeni. "Wino ni bodi imepitisha," akasema. "Penseli bado. Kamstari, mwalimu hajaleta. Na wino haufutwi, unakatwa mstari mmoja ili cha chini kisomeke, unaandika juu yake, unasaini." Akanionyesha moja, 41 imekatwa, 61 juu yake, sahihi na tarehe ya 1994. Saa mbili za Snodgrass zimo kwenye kabati la chini!

Nikarudi nikaanza upya. Rangi nikazitoa, nikaweka kistari, herufi, na namba iliyokatwa mstari mmoja ikiwa na mpya juu yake. Jumla ya mtu mwenye kistari haitoki, inaandikwa "bado", hata mkuu wa idara apige simu mara ngapi. Nilipompelekea tena yule mama hakuisifia safari hii. Aliprinti, akatoa kopi, kopi ya kopi, akashuka na kidole kwenye safu mpaka akakuta vistari kumi na kitu vimepangana, akavua miwani, akachukua simu ya mezani.

"Haloo, Dokta? Shikamoo. Koswaki za watoto wako wa shiti ya pili ziko wapi?"